Kutoka Kyela kwenda Karonga: utajiona nyumbani, ila si kwa kila kitu

Ndugu, umeuliza kama Karonga, kule kaskazini mwa Malawi, inafanana na Kyela yetu ya Tanzania, maana unataka kupeleka mchele huko. Ng'ambo ya mto Songwe, ulio mpakani, utakuta ziwa lilelile la Nyasa na tambarare ileile ya mpunga. Wangonde wa huko na Wanyakyusa wa kwetu ni ndugu kabisa: ukisalimia "Ugonile" utaitikiwa. Ugali wanauita nsima, nao huchotwa kwa mwiko uliolowa, ukaja sahanini mapandemapande laini.

Pesa ndipo penye tofauti. Kwa wastani kipato cha Malawi kiko chini ya chetu, na mafuta ya gari yamekuwa yakiadimika, kwa hiyo uliza nauli ya kurudi kabla hujapakia. Kwacha, pesa yao, hushuka thamani ghafla. Usikae nayo wiki nzima. Wabadilishaji pesa wa mtaani pale mpakani Kasumulu waepuke, wengi huhesabu noti haraka zikapungua.

Saa zao ziko nyuma yetu kwa moja. Pasipoti igongwe muhuri pande zote mbili, usivuke kwa mtumbwi. Kuhusu mzigo, ulizia kwanza cheti cha afya ya mimea na umwone wakala wa forodha. Bila karatasi, gunia hubaki mpakani.