Goti lenye tege: vyuma vya ndani au vya nje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 48, ni fundi ujenzi. Goti la kulia limesagika upande wa ndani na mguu una tege. Nimeshauriwa nikatwe mfupa wa muundi ili mguu unyooshwe. Mmoja anasema niwekewe bamba na skrubu ndani, mwingine anasema vyuma vya nje ni salama kwa kuwa vya ndani huota kutu. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Hilo la kutu liondoe kichwani. Vyuma hivi ni vya titani au chuma cha pua kisichoshika kutu, si msumari wa bati.

Kwa umri wako ningeelekea kwenye bamba ambalo skrubu zake hujifunga ndani yake. Hushikilia imara, na wengi huanza kukanyagia mguu mapema. Ila pembe ya kunyoosha mguu ikishafungwa kwenye meza ya upasuaji imefungwa. Ikikosewa, unapasuliwa upya. Vyuma vya nje, yaani fremu inayoshikwa na pini zinazopenya ngozi hadi mfupani, hukazwa kidogo kidogo, kwa kawaida milimita moja kwa siku, kwa hiyo pembe hurekebishika hata ukiwa nyumbani, na tege kubwa huvihitaji. Lakini utavibeba miezi kadhaa, na matundu ya pini hushika usaha upesi. Wewe unashinda kwenye saruji na vumbi.

Kinachonisumbua kila kliniki ni imani kwamba chuma ndiyo dawa. Chuma hakiponyi goti! Kinashika mfupa hadi uunge, basi. Usipounga, hata chuma cha bei ghali hukatika. Nafuu yako inatoka kwenye uzito kuhamia upande wa goti ambao haujasagika, na hilo linategemea vipimo: eksirei ya mguu mzima ukiwa umesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo. Anayekupangia upasuaji kwa picha ya goti peke yake, mkatalie. Kama unavuta sigara, acha leo, maana huchelewesha mfupa kuunga.

Imani hiyo ya kitu kimoja kinachotibu ndiyo inayowatajirisha wauza dawa za kuongeza "ute wa magoti". Napokea watu waliokunywa maji ya bamia mwaka mzima, na wengine waliochomwa sindano gotini na mtu wasiyejua alisomea wapi, goti limejaa usaha. Goti lenye usaha silikatii mfupa. Na waliosubiri mpaka gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ya goti, likasagika pande zote mbili, upasuaji huu hauwafai tena. Linabaki goti la bandia.