Wape kazi ya kuamua, si ya kufagia tu

Mwalimu, umeuliza ufanyeje na klabu yako ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, wanaojitokeza siku ya usafi, wakapiga picha, kisha wakapotea.

Nahisi kazi umewachagulia wewe. Mwaka 1992, katika andiko la UNICEF, mtafiti Roger Hart alipanga ushiriki wa watoto kama ngazi ya vidato 8, na vitatu vya chini akasema si ushiriki hata kidogo: kimojawapo ni mtoto kuwekwa kama pambo. Umri huu wananusa upambo haraka sana! Waache wazunguke mtaa wenyewe, wawaulize wazee na wenye maduka kinachowakera, kisha wabishane washike lipi. Huenda wakachagua kitu kidogo usichokipenda. Usiingilie, isipokuwa kuwe na hatari.

Uongozi uzungushe: mwenyekiti, mtunza muda, mwandishi, mweka hazina. Bila hivyo wasemaji watatawala mwaka mzima. Kazi ikiisha, keti nao muda mfupi: nini kimebadilika, nani hakusikilizwa? Vyeti na fulana visubiri.

Na wagawe watano watano. Ukiweka thelathini kwenye kazi moja, wengi watasimama tu.