Re: Jamaica wanawezaje kufika Kombe la Dunia la wanawake na kisiwa chao kidogo vile?

Mkuu umeuliza wanatoa wapi wachezaji, nchi yenyewe haifiki hata watu milioni 3. Jibu kubwa ni diaspora, wengi wamezaliwa au kukulia Uingereza, Marekani na Canada, wanaitwa kwa sababu ya mzazi au bibi. Ila sio wote, mshambuliaji wao Bunny Shaw ni mtoto wa Spanish Town, mji wa hukohuko Jamaica kabisa, akaenda kusoma Marekani kupitia mpira, 2021 akajiunga na Man City na msimu wa 2023/24 alibeba kiatu cha dhahabu (mfungaji bora) ligi ya wanawake England kwa magoli 21.

Halafu usidhani kwao mambo ni mteremko. Hiyo timu ilishawahi kuvunjwa kisa hela, mpaka Cedella Marley, binti wa Bob, alipoingia 2014 kutafuta wadhamini. 2019 wakawa wa kwanza Karibiani kwenda Kombe la Dunia la wanawake, wakapigwa mechi zote 3, Italia tu iliwapiga 5. 2023 sasa, mama wa mchezaji mmoja kafungua mchango mtandaoni ili wapate maandalizi ya maana, na wachezaji walikuwa wameshailalamikia federesheni hadharani, wakaenda hivyo hivyo wakatoa 0-0 na Ufaransa, wakaifunga Panama 1-0, wakaibana Brazil 0-0 na kuitoa, yaani Marta, nyota wa Brazil, kaaga Kombe la Dunia pale! Mechi zote za makundi hawajaruhusu goli hata moja, Colombia ndo ikaja kuwatoa 16 bora kwa kigoli kimoja.

Kwa hiyo kwa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, shida sio idadi, watu tunao kibao, anza kuuliza mabinti wanaanza kucheza na umri gani na nani analipia.