Duka la mzee lililopo Ngamiani, Tanga, limeandikwa jina la nani?

Ukitaka kujua kama duka la familia la pembejeo za kilimo litabaki Tanga, usiulize ukoo unalipenda kiasi gani. Angalia karatasi. Leseni ina jina la mzee, TIN (namba ya mlipakodi) ni yake, akaunti ni yake, hata mkataba wa framu alisaini yeye. Siku akifariki, benki inazuia akaunti, mwenye nyumba anatafuta mpangaji mwingine, na wakulima wa machungwa wa Muheza waliozoea kukopa dawa za mimea pale wanabaki njia panda.

Kaeni kikao mzee akiwa hai. Tandazeni nyaraka zote, kando ya kila moja andikeni jina na tarehe ya kuisha. Leseni ya biashara ni ya miezi 12, na kila eneo lina ya kwake. Ya Ngamiani haibebi tawi la Muheza. Leseni ya kundi B (biashara za kawaida za mtaani) inatoka halmashauri, ya kundi A (biashara za kitaifa na kimataifa) inatoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kizimba cha sokoni ni mali ya halmashauri, ninyi mna mkataba tu, kwa hiyo msikihesabu kama urithi.

Jina la biashara lililosajiliwa BRELA watu huliamini kupita kiasi. Nyuma yake yupo mtu mmoja, na akiondoka linabaki ubao mlangoni. Kampuni haifi na mwanahisa, lakini msiikimbilie: haiingii kwenye kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, inalipa 30% ya faida, inadaiwa hesabu zilizokaguliwa na ritani (taarifa ya kampuni) ya kila mwaka. Kwa duka la framu moja huo ni mzigo. Afadhali ubia wa mzee na mtoto anayekaa kaunta, hati ikisema wazi kwamba mmoja akifa biashara inaendelea na fungu lake linathaminiwa vipi. Isiposema, ubia unavunjika.

Mkopo nao una lake: nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi.

Msiba ukishatokea, chukueni cheti cha kifo RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), fanyeni kikao chenye muhtasari uliosainiwa, kisha nendeni Mahakama ya Mwanzo kama mirathi ni ya Kiislamu au ya kimila. Msimamizi wa mirathi ana miezi 4 tangu ateuliwe kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Hapa ndipo pengi panaharibika, kwa sababu anachaguliwa kaka mkubwa aliyeko Dar kwa heshima tu, naye hajui hata bei ya mfuko wa mbolea. Msimamizi si mrithi mkuu. Anakusanya, analipa madeni, anagawa. Mpendekezeni anayelijua duka, naye aende TRA (mamlaka ya mapato) mapema kabla kodi haijaendelea kukadiriwa kwa jina la marehemu.

Daftari la mikopo ya wakulima nalo liingie kwenye orodha, kila jina na kiasi chake. Hizo ni fedha za marehemu, na likikaa kabatini hakuna atakayekuja mwenyewe kulipa.