Waandishi mnaoanzisha podikasti ya visa vya uhalifu, jihadharini na kipaji chenu

Waandishi wenzangu wanaotaka kuanzisha podikasti ya kujadili visa vya uhalifu wa kweli huniuliza kwanza habari za maikrofoni. Maikrofoni si tatizo. Tafuteni mbili zinazofanana, rekodini kwenye chumba chenye mapazia mazito, na kila sauti iwe kwenye faili lake ili mkidakizana mhariri aweze kuwatenganisha. Hayo yameisha. Kinachowaponza waandishi katika kazi hii ni kipaji kilekile kilichowaleta: hatuwezi kuona pengo tukaliacha wazi.

Mpe mwandishi wa riwaya za upelelezi mke aliyetoweka, mume asiyependa maswali na gari lililooshwa usiku. Papo hapo ameshapata wivu, deni na ugomvi wa mwisho, hata maneno yaliyosemwa mlangoni. Kwenye riwaya huo ndio ufundi wenyewe. Kwenye kipindi kinachomtaja mtu aliye hai, mwenye wazazi na watoto, huko ni kumzulia. Ndiyo maana mimi na mwenzangu, tangu mwanzo, tulikubaliana kwamba hatutajadili nani aliua. Tunajadili kisa kilivyosimuliwa: nani kapewa nafasi ya kusema, kipi kimesogezwa, kipi kimekatwa, na kwa nini msimulizi kaanzia pale alipoanzia. Kuhusu damu na alama za vidole hatuna utaalamu wowote. Kuhusu namna sura ya kwanza inavyomfanya msomaji amchukie mtu kabla hajasikia ushahidi, tunajua mengi, na msikilizaji anakuja kwetu kwa hilo.

Mfano ninaowapa wageni wote ni makala ya televisheni ya The Jinx, iliyorushwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, mwaka 2015. Historia yake ni somo tosha. Mwongozaji, Andrew Jarecki, alikuwa ametengeneza kwanza filamu ya kubuni, All Good Things ya 2010, iliyotokana na maisha ya tajiri wa New York, Robert Durst, ambaye mkewe alitoweka mwaka 1982. Durst mwenyewe akavutiwa na filamu ile, akamtafuta Jarecki, akajitolea kuhojiwa. Yaani kazi ya kubuni ndiyo iliyomtoa mhusika mafichoni, na mahojiano yale yakaja kuwa ushahidi mahakamani. Durst alikamatwa tarehe 14 Machi 2015, siku moja kabla sehemu ya mwisho kurushwa. Mwaka 2021 alitiwa hatiani kwa kumuua rafiki yake Susan Berman, na akafariki Januari 2022.

Sasa angalieni ile sehemu ya mwisho. Durst yuko msalani, kinasa sauti bado kiko kifuani, anajisemesha peke yake. Watazamaji walisikia akijiuliza amefanya nini, kisha akijijibu kwamba amewaua wote, bila shaka. Swali na jibu. Dunia nzima ilipigwa na butwaa. Mwaka 2019, maandishi kamili ya rekodi yalipotokea katika mashauri ya mahakama, ikaonekana kwamba sentensi zile mbili hazikufuatana. Ile ya kuua ilitangulia, katikati kukawa na maneno mengine kadhaa, mengine hayasikiki vizuri, na lile swali lilikuja mwishoni. Mhariri alizisogeza zikawa swali na jibu.

Hapo mwenye haraka atauliza: kwani si alipatikana na hatia? Alipatikana, na bado mpangilio wa sentensi ulibadilisha maana ya kilichosikika. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kipindi kizuri kinakaa hapohapo, kinageuza suala hilo kwa nusu saa bila kukimbilia upande wowote. Sisi waandishi tunajua utamu wa kuhamisha sentensi moja mwisho wa aya. Tunafanya hivyo kila siku. Basi tuzungumzie hilo kwa uzoefu, tueleze linafanywaje, na ni wapi linaacha kuwa uhariri likawa kitu kingine.

Namna ya kujiandaa inayotusaidia ni hii: mmoja wetu anatazama au kusoma kazi inayojadiliwa tu, hagusi kitu kingine. Mwingine anasoma hukumu, maamuzi ya rufaa na magazeti ya wakati ule. Hatuambiani lolote mpaka tuwashe mashine. Mshangao unakuwa wa kweli, na msikilizaji anasikia waziwazi umbali uliopo kati ya simulizi na kumbukumbu za mahakama. Wiki inayofuata tunabadilishana zamu, maana anayesoma hukumu kila mara huanza kujiona hakimu. (Mwenzangu atasema ni mimi. Asisikilizwe.)

Wapo watakaowaambia kwamba upotoshaji huu umeletwa na televisheni. Si kweli, na waandishi wa vitabu tusijitakase. In Cold Blood ya mwandishi Mmarekani Truman Capote, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1966 kuhusu mauaji ya familia moja huko Kansas mwaka 1959, ilinadiwa kuwa ni ukweli mtupu uliovaa nguo za riwaya. Tukio lake la kufungia, ambapo mpelelezi anakutana makaburini na rafiki wa binti aliyeuawa, halikutokea. Mpelelezi mwenyewe alisema hivyo. Capote alitaka mwisho wa kutuliza moyo, na mambo yalivyokuwa hayakumpa, akautunga. Mkiwa na mgeni aliyeandika kitabu cha kisa cha kweli, msimuulize ilikuwaje kuishi na giza lile kwa miaka. Jibu analo tayari, ameshalitoa kila mahali. Muulizeni alikata nini. Waandishi wote hukumbuka walichokata, na wengi huwa hawajawahi kuulizwa.

Kuhusu sheria nitakuwa mkali kidogo. Katika nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, marehemu hana kesi ya kashfa, lakini ndugu zake walio hai wanayo mkiwahusisha wao. Neno “inadaiwa” halisafishi kila linalofuata. Na kesi ikiwa bado mahakamani, hatari si yenu peke yenu. Mwaka 2018 gazeti la The Australian lilitoa podikasti ya The Teacher's Pet kuhusu Lynette Dawson, aliyetoweka Sydney mwaka 1982. Ilisikilizwa dunia nzima, na Desemba mwaka huohuo mumewe, Chris Dawson, akakamatwa. Kisha kikaja kigugumizi: mngepata wapi jopo la raia wa kuamua kesi ambao hawajaisikia? Aprili 2019 podikasti iliondolewa kwa wasikilizaji wa Australia, kesi ikasimamishwa kwa muda kwa sababu ya kelele zilizokwisha kupigwa, na hatimaye ikasikilizwa na jaji peke yake, bila jopo. Dawson alitiwa hatiani Agosti 2022. Wapo wanaosema bila podikasti ile kisa kingebaki kimelala, wengine kwamba nusura iharibu kesi yenyewe. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, na sitaki podikasti yangu iwe sababu ya jaji yeyote kuahirisha chochote. Kesi inayoendelea hatuigusi. Tunasubiri.

Tena, kesi haifungwi kwa sababu ninyi mmemaliza kuizungumzia. Podikasti ya Marekani iitwayo Serial ilipoanza mwaka 2014 ilimfanya Adnan Syed ajulikane kila mahali. Alikuwa ametiwa hatiani katika jimbo la Maryland mwaka 2000 kwa mauaji ya Hae Min Lee, mwanafunzi mwenzake. Mwaka 2022 hatia ikatenguliwa na akatoka gerezani. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikairudisha, kwa kuwa familia ya marehemu haikupewa taarifa ya kutosha ili ihudhurie kikao kilichoitengua. Mwaka 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikakubaliana na uamuzi huo. Mwaka 2025 jaji akapunguza adhabu iwe muda aliokwisha kuutumikia, naye akabaki huru, huku hatia ikiendelea kusimama. Yeyote aliyerekodi kipindi katikati ya safari hiyo ana kipindi kinachosema jambo ambalo leo si sahihi. Kwa hiyo tajeni tarehe ya kurekodi kwa sauti, mwanzoni kabisa. Mambo yakibadilika, rekodini dakika mbili mpya na kuziweka mbele ya kipindi cha zamani. Kuandika marekebisho kwenye maelezo ya chini hakutoshi, kwa sababu mtu anayesikiliza akiwa anaendesha gari hasomi maelezo.

Angalieni pia kilichorudisha kesi ile nyuma: haki ya familia ya kuwepo. Kwa miaka minane mamilioni ya watu walikuwa wamejadili kama Syed alisingiziwa au la, na ndugu wa binti walikuwa pembeni. Hilo ni jambo la usimulizi kabla ya kuwa jambo la sheria. Mshukiwa ana utata, ana sura mbili, anavutia kalamu. Aliyeuawa anabaki picha ya shuleni. Utamaduni pendwa umezoea hivyo tangu zamani. Mwuaji wa London wa 1888 tunamwita Jack the Ripper kwa sababu ya jina lililotiwa saini kwenye barua iliyopelekwa kwa shirika la habari, barua ambayo watafiti wengi wanashuku iliandikwa na mwanahabari. Wanawake aliowaua, nani anayataja majina yao? Sisi hatutumii majina ya utani ya wauaji hewani. Wageni wengine huona ni ukereketwa. Sawa.

Mambo madogomadogo: msiigize sauti ya mwuaji, hata kama mnasoma nukuu. Kicheko kiwepo, kwa sababu kazi mbovu inachekesha na mwongozaji anayerudia mlio wa radi mara nne anastahili kuchekwa, ila kikielekea kwa aliyekufa mhariri akate bila kuwauliza. Tangazo la biashara lisiwekwe mara tu baada ya maelezo ya mwili kupatikana. Programu nyingi zinazoweka matangazo zenyewe zinachagua mahali bila kujua kinachozungumzwa, kwa hiyo wekeni alama za mapumziko kwa mkono. Mkitumia uchunguzi wa mwanahabari, mtajeni kwa jina ndani ya mazungumzo yenyewe. Mwaka 2019 podikasti moja maarufu ya Marekani ililazimika kuondoa vipindi kadhaa baada ya kulalamikiwa kwamba imetumia kazi za watu bila kuwataja, na waandishi wa vitabu ndio wa mwisho wanaotakiwa kuambiwa hili.

Halafu kuna barua. Mkipata wasikilizaji, wataanza kuwaletea majina: jirani fulani, mjomba fulani, picha za nyumba ya mtu. Zitakuwa zimeandikwa vizuri, na kipaji chenu kitaamka. Msizisome hewani, msizijadili hata mkiwa hamrekodi. Anayedai ana ushahidi mjibuni mstari mmoja kwamba aupeleke polisi au kwa wakili wa upande husika. Anayesema ni ndugu wa marehemu ni jambo jingine: huyo mjibuni siku hiyohiyo, msimwombe mahojiano, na akitaka jina la ndugu yake liondolewe kwenye kichwa cha kipindi, liondoeni.