Mkwe au mwana wa kambo? Kusoma wasia wa Wales wa mwaka 1741

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Wales, na ninawatafutia wanangu nasaba ya upande wa baba yao. Nimepata wasia wa mkulima wa Carmarthenshire, Evan Thomas, wa Februari 1741. Anamwachia mwanawe Thomas Evan shilingi moja tu. Mkwewe, Rees David, anapewa ng'ombe wawili, na vilivyobaki ni vya mkewe Gwenllian Rees na binti yao Margaret. Daftari la parokia linasema Margaret alibatizwa Novemba 1741, yaani miezi tisa baada ya wasia! Isitoshe, kuna Thomas wawili, wote wana wa Evan: mmoja alibatizwa 1712, mwingine 1715. Mbona hawa watu hawana jina moja la ukoo? Na huyo Thomas alimkosea nini baba yake?

JIBU: Dada, tuanze na tarehe, kwa sababu ikikaa sawa hiyo, nusu ya fumbo imefumbuka. Kabla ya 1752, mwaka wa kisheria Uingereza na Wales ulianza tarehe 25 Machi. Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa mwisho wa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Februari 1741 ya wasia wako ni Februari 1742 kwa hesabu yetu, na Margaret alikuwa mtoto mchanga wa miezi mitatu hivi. Makarani wengine waliandika 1741/2 kuondoa utata, wengi hawakujisumbua.

Sasa rudi kwa Rees David. Kama binti pekee anayetajwa bado ananyonya, huyu ni mkwe kwa binti gani? Huenda kuna binti mwingine aliyekwisha kufa, na usiifute njia hiyo bado. Lakini maneno ya Kiingereza son-in-law zama hizo yalimhusu mume wa binti na mwana wa kambo pia. Mimi naegemea kwa mwana wa kambo, na sababu yangu imo katika majina yenyewe.

Wewe wa Mombasa utalielewa hili haraka kuliko Mwingereza. Watu wa kawaida wa Wales walijulikana kwa jina lao na la baba, kama Ali bin Juma: ap au ab kwa mwanamume, ferch kwa mwanamke. Kufikia karne ya 18 viunganishi hivyo vilikuwa vikidondoka na kubakiza majina mawili matupu. Thomas Evan ni mwana wa Evan. Gwenllian Rees ni binti Rees, na kuolewa hakukumbadilishia jina. Rees David ni mwana wa mtu aitwaye David. Basi jiulize: kama Gwenllian aliwahi kuolewa na David kabla ya Evan, mwanawe wa kiume angepewa jina la nani? Kumpa mtoto jina la babu mzaa mama lilikuwa jambo la kawaida. Rees wa ng'ombe wawili anaweza kuwa amerithi jina la baba wa Gwenllian.

Hiyo ni dhana tu, lakini inaweza kupimwa.

Kuhusu shilingi, usiisome kama laana. Mara nyingi mtoto aliyekwisha kupewa fungu lake, labda alipooa au kwa makubaliano ya ardhi, alitajwa kwa shilingi ili asije kudai kwamba alisahaulika. Wala usiipime kwa mizani ya mirathi ya Kiislamu yenye mafungu yaliyopangwa. Desturi iliyowahifadhia mjane na watoto sehemu ya mali inayohamishika ilikuwa imeondolewa Wales kwa sheria ya 1696, na Evan alikuwa huru kugawa atakavyo.

Kwa wale Thomas wawili, fungua kwanza daftari la mazishi. Mtoto akifa, aliyefuata alipewa jina lile lile mara nyingi mno. Kama wote waliishi, tafuta jina la shamba, maana katika parokia yenye akina Evan chungu nzima shamba ndilo lililowatofautisha. Linganisha pia nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Wakati mwingine zina neno ambalo daftari halina. Yeyote kati yao atakayethibitika, pengo la miaka zaidi ya 25 kati yake na Margaret linaashiria mama wawili. Jina la baba halikwambii lolote kuhusu mama.

Ukishuka kwenye vizazi vilivyofuata, usishikilie jina moja. Watoto wa Thomas Evan wanaweza kuwa Thomas, Evan au Evans. William Morgan, aliyetafsiri Biblia kwa Kiwelisi mwaka 1588, alikuwa mwana wa John ap Morgan. Kwa kanuni angekuwa William John, lakini lililomkaa ni la babu.

Dhana ya Rees ipime hivi. Tafuta ndoa ya Evan na Gwenllian, ukitumai karani aliandika kwamba bibi arusi ni mjane. Kabla ya sheria ya ndoa iliyoanza 1754 wengi waliandika majina tu. Kisha tafuta mazishi ya David yeyote kabla ya ndoa hiyo, na ubatizo wa Rees mwana wa David. Halafu ingia kwenye wasia za kabla ya 1858 za Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth, ambazo picha zake ni bure mtandaoni. Za Carmarthenshire nyingi zimo katika Dayosisi ya St Davids. Usitafute wasia peke yake. Kama David alikufa bila kuusia, mjane wake huenda aliweka dhamana ya kusimamia mali, na hati ile ingemtaja Gwenllian Rees kuwa mjane wa David. Ukiipata, pamoja na ubatizo wa Rees, swali la mkwe limekwisha.