Mziki wa Baba Usiuzwe Bado: Maswali ya Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Karibu maswali yote ya safari hii yanahusu miziki ya zamani, ile inayokaa kabatini sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake. Nimeyajibu kwa jinsi nionavyo, na msimamo wangu hautajificha: kabla ya kununua mashine mpya, tengeneza spika na umeme wako.

*Shikamoo fundi. Baba alituachia amplifaya na spika mbili kubwa za mbao, za miaka ya 1980. Zinalia vizuri tu, ila hakuna pa kuchomeka simu. Mdogo wangu anataka tuuze tununue sabufa. — Msomaji wa Uyole, Mbeya*

Marahaba. Msiuze. Sabufa ya bei ya kawaida ni boksi moja la besi na vispika viwili vya plastiki. Besi itapiga mpaka kwa jirani, twita, yaani vispika vya sauti nyembamba, zitachoma masikio, lakini pale katikati anapokaa mwimbaji na gitaa la solo hamtapata kitu. Spika za baba yenu, kama zina wufa (spika za sauti nzito) za inchi nane au kumi, zimebeba hiyo sehemu ya katikati ndani ya boksi lenye nafasi ya kutosha. Kazi hiyo hakuna kitufe cha rimoti kinachoweza kuiiga.

Simu inaingia bila shida. Geuzeni amplifaya nyuma, mtaona matundu ya duara yaliyoandikwa AUX, TUNER, TAPE, pengine na CD. Yote hayo yanapokea sauti ya kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo lolote lililo wazi linafaa. Waya wake una pini ya hedifoni upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Kwenye maduka ya vifaa vya simu pale Mwanjelwa si kitu cha kutafuta kwa tochi. Simu isiyo na tundu la hedifoni inahitaji kipokezi kidogo cha Bluetooth, ambacho nacho kinachomekwa kwenye matundu hayohayo.

Tundu lililoandikwa PHONO liacheni. Hilo ni la santuri: linakuza sauti mara nyingi kuliko mengine na kunyanyua besi makusudi, kwa sababu santuri hurekodiwa besi ikiwa imepunguzwa. Simu ikiingia hapo inatoa makelele ya kupasuka, na ndipo watu husema "amplifaya imekufa". Kwenye TAPE kuna jozi mbili: PLAY ni ya kuingiza, REC ni ya kutoa. Halafu pandisheni sauti ya simu hadi karibu na mwisho, mpunguze kwenye amplifaya. Wengi hufanya kinyume, wakaishia kukuza mvumo pamoja na wimbo.

Kitufe cha sauti kikikwaruza mnapokizungusha, ni vumbi. Ipo dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za umeme. Mafuta ya cherehani hapana, na ya kula ndiyo kabisa. Nimefungua amplifaya iliyonukia chipsi.

*Nimenunua mziki wa mtumba kutoka Japani, sauti tamu mno. Muuzaji alinipa na "transfoma". Lakini redio yake inashika stesheni mbili tu, wakati simu ya mke wangu inashika nyingi. Antena mbovu? — Msomaji wa Makambako*

Antena yako nzima, kaka. Japani FM yao ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na baadaye wakasogea hadi 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Redio yako inaona kipande kidogo cha chini cha masafa yetu, na stesheni zako mbili zimeangukia hapo. Ni tatizo lilelile la redio za magari yanayotoka huko. Usimlipe mtu kukufungia antena juu ya mti. Chomeka redio ndogo au simu kwenye AUX, sehemu ya redio ya Kijapani uisahau.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo transfoma. Vifaa vya Japani ni vya volti 100, yetu ni 230. Soma kibandiko nyuma ya mziki: kikisema 100V peke yake, siku mtoto akiuchomeka moja kwa moja ukutani, ukibahatika itaungua fyuzi, usipobahatika itaungua transfoma ya ndani. Transfoma nyingi za sokoni hutoa volti 110. Mziki wa volti 100 utafanya kazi, ila utapata joto kuliko ulivyokusudiwa, kwa hiyo ukipata ya kutoa 100 kamili, chukua hiyo. Ukubwa wake uwe mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Iwe nzito, ya shaba na chuma. Vile vyepesi vilivyotengenezwa kwa ajili ya vikausha nywele visikaribie amplifaya. Mimi ningekata pini ya Kijapani na kufunga mziki na transfoma moja kwa moja, pasiwe na nafasi ya mtu kukosea.

Ulichokipata kikiwa na mashine ya santuri, angalia kibandiko chake pia. Japani mashariki wana umeme wa hezi 50 kama wetu, magharibi hezi 60. Mashine ya zamani ambayo mota yake hufuata umeme wa ukutani, ikiwa imepangiwa 60, hapa itazunguka taratibu na mwimbaji atasikika kama amelewa.

*Ule mpira unaozunguka koni ya spika umebomoka kama mkate mkavu. Fundi wa mtaani anataka kubandika kitambaa kwa gundi. — Msomaji wa Tukuyu*

Mkatalie kwa upole. Kilichobomoka si mpira, ni sponji, na sponji huoza kwa umri hata spika isipopigwa. Unyevu wa Tukuyu nao hausaidii. Kitambaa chenye gundi hukauka kikawa kigumu, koni ikashindwa kucheza, besi ikapotea. Tafuta pete ya sponji au mpira ya saizi ya spika yako. Pima kipenyo cha koni yenyewe, si cha fremu tu, maana wufa mbili za inchi nane zinaweza kuwa na koni tofauti.

Kabla hujanunua, sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikiteleza kimya, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) ni salama na matengenezo yana maana. Ikikwaruza, koili imegusa sumaku, na pete mpya peke yake haitaiponya.

Na kwa kuwa ni Tukuyu: mvua ikianza kunguruma, chomoa plagi ukutani na waya wa antena nyuma. Kuzima swichi hakuzuii radi.

*Dukani nimeona sabufa ya "wati 10,000". Amplifaya yangu ya zamani imeandikwa wati 40. Si bora nibadilishe? — Msomaji wa Mafinga*

Geuza hiyo sabufa usome nyuma inakula umeme kiasi gani. Ukikuta wati 60, basi jibu unalo. Mashine haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya inachopokea. Hizo 10,000 zinaitwa PMPO, hesabu ya matangazo isiyo na kipimo kimoja. Tafuta neno RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo. Wati 40 za RMS kwa kila upande zinatosha sebule ya Mafinga na harusi ndogo ya uani.

Tena ukipandisha wati mara mbili, kutoka 40 hadi 80, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haimstui mtu. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiilinganisha na ya desibeli 87, inakupa nyongeza ileile bila kugusa amplifaya. Ndiyo maana nasema hela iende kwenye spika.

*Kamwene fundi. Nina spika mbili za oms 8, nimepewa nyingine mbili za oms 8. Naweza kuziunga zote? — Msomaji wa Njombe*

Kamwene, mama. Spika mbili za oms 8 zikiungwa sambamba upande mmoja, amplifaya inaona oms 4. Soma nyuma, kwenye matundu ya spika: wakiandika "4–16" unaruhusiwa, wakiandika "8–16" usijaribu, itachemka na kuungua transista. Hata kwa baridi ya Njombe ya mwezi wa saba.

*Nikichomeka laptopu kwenye mziki, unavuma mmm. Nikichomoa, kimya. — Msomaji wa Gangilonga, Iringa*

Chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mvumo ukikoma, umeme wa ardhi unazunguka kati ya vifaa viwili. Vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, nunua kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi. Ukivuma hata bila kitu kuchomekwa, hapo kapasita kubwa za ndani zimechoka, mpelekee fundi.

*Nina kaseti za kwaya yetu ya zamani, hazipatikani popote. Deki inameza utepe. — Msomaji wa Kyela*

Usiweke kaseti nyingine humo, mzee wangu. Mara nyingi ni mkanda wa mpira wa ndani uliolegea: roli linaendelea kusukuma utepe, upande wa kupokea umesimama. Mkanda hubadilishwa. Hedi na roli la mpira visafishwe kwa pamba yenye spiriti, ukungu mweupe kwenye utepe nao uangaliwe kwanza, maana utachafua deki nzima. Vunja vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, asije mtu akarekodi juu yake.

Deki ikipona, toa waya kutoka LINE OUT uingize kwenye kompyuta, urekodi kwa kiwango cha CD, biti 16 na kilohezi 44.1, kwenye faili la WAV. Anza na kaseti ambayo huijali sana.